Rowan Atkinson: tumfungue huyu mhandisi wa vichekesho, kifaa kwa kifaa (uzi maalumu)

#1 FundiMitambo

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimeufungua kwa heshima ya Rowan Atkinson. Jina likitajwa wengi huuliza ni nani, picha ikionyeshwa wote husema "aah, Mr. Bean!" Ndiye huyo huyo. Naomba leo tumfungue kama mafundi wanavyofungua injini mezani, tuone kipi kinasukuma kipi, kwa sababu mtu huyu alisomea uhandisi na kazi yake yote ina alama ya mhandisi.

Maisha kwa kifupi kwanza. Alizaliwa tarehe 6 Januari 1955 huko Consett, kaunti ya Durham, kaskazini mashariki mwa Uingereza, kitinda mimba wa nyumba ya mkulima. Chuo Kikuu cha Newcastle alichukua uhandisi wa umeme na elektroniki. Mwaka 1975 akaenda Oxford, chuo cha The Queen's, kwa shahada ya uzamili, na tasnifu yake ilihusu mitambo inayojipima na kujirekebisha yenyewe inapokuwa kazini. Huko Oxford ndiko alikokutana na Richard Curtis, mwandishi, na Howard Goodall, mwanamuziki. Watatu hawa ndio waliokuja kupika karibu kila kitu tunachokipenda.

Sasa kazi yenyewe. Watu husema Atkinson anachekesha kwa sura. Mimi nasema sura inakuja mwisho. Kinachotangulia ni tatizo dogo ambalo mtu mzima yeyote angelimaliza kwa dakika moja. Bean analitatua kwa njia yake, na njia hiyo ina mantiki kamili. Tabu ni kwamba kila suluhisho linazaa tatizo jipya, kubwa kuliko lile la kwanza. Hapo ndipo sura inapopata kazi ya kufanya.

Chukueni sehemu ya kwanza kabisa, iliyorushwa na kituo cha ITV tarehe 1 Januari 1990. Bean yuko ufukweni, anataka kuvaa bukta ya kuogelea, na karibu yake amekaa mwanamume mwenye miwani myeusi. Hataki kuvua suruali mbele ya mtu. Anafanyaje? Anaivaa bukta juu ya suruali. Halafu anaanza kuitoa suruali kwa ndani, mguu mmoja kwanza, kitambaa kinavutwa na kupenyezwa kwenye tundu la bukta, kiunoni hadi pajani, mpaka suruali inatoka yote na bukta imebaki palepale. Kimahesabu inawezekana! Mwisho yule jirani anasimama na kushika fimbo nyeupe. Haoni. Kazi yote ile ilikuwa bure, na Bean hajakosea hatua hata moja.

Sehemu hiyo ya kwanza ilipata tuzo ya Waridi la Dhahabu kule Montreux. Karibuni tuchangie, kila mtu alete kipande anachokijua vizuri.

#2 Nyamizi

Mkuu umeanza vizuri. Mimi naleta mtihani, maana uko kwenye sehemu hiyo hiyo na ndio uliosukwa vizuri kuliko vyote.

Bean anaingia chumba cha mtihani na kalamu rundo pamoja na vidoli vya kupamba meza. Amesoma trigonometria peke yake. Anafungua bahasha, anatoa karatasi ya kijani, ni kalkulasi. Kuanzia hapo ni dakika kadhaa za kujaribu kumchungulia jirani kwa kila hila, na jirani anaziba. Muda unakaribia kwisha, msimamizi anatamka kwamba waliofanya kalkulasi walitumia karatasi ya kijani na waliofanya trigonometria walitumia nyeupe. Bean anarudi kwenye bahasha yake, anachungulia ndani, nyeupe imo. Na muda umekwisha.

Angalieni ufundi ulipo. Jibu lilikuwa kwenye bahasha tangu dakika ya kwanza na mtazamaji hakuliona. Kama waandishi wangetuonyesha ile karatasi nyeupe mapema, tungekuwa tunamcheka mjinga. Kwa kutuficha, wametuingiza chumba cha mtihani pamoja naye, tumetoka jasho pamoja naye, ndiyo maana kicheko cha mwisho kinauma kidogo.

#3 Baharia_Mstaafu

Tunaomba mtu aeleze gari. Hapa mtaani kuna ubishi kila siku kama lilikuwa la kijani au la chungwa.

#4 KufuliLaMini

@Baharia_Mstaafu pande zote mbili zina haki. Sehemu ya kwanza alitumia Mini ya chungwa ya mwaka 1969, namba RNT 996H, na ikagongwa mwishoni mwa sehemu hiyo. Ile tunayoijua wote ni Mini 1000 ya British Leyland ya mwaka 1977, kijani cha ndimu, boneti nyeusi isiyong'aa, namba SLW 287R.

Kwenye mlango wa dereva, kwa nje, pamefungwa komeo na kufuli la kawaida kabisa, kama la mlango wa stoo. Kisha usukani unang'oka na anaondoka nao. Tazameni inavyoendana na alichosema FundiMitambo: tatizo ni wizi wa gari, suluhisho ni kufuli la nyumbani. Linafanya kazi. Hakuna anayeweza kusema amekosea, ila hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo.

Na usisahau adui yake wa kudumu, ile gari ya buluu ya magurudumu matatu, Reliant Regal Supervan, namba GRA 26K. Kila wakikutana barabarani anaisukuma pembeni au kuipindua. Dereva wake hatumwoni hata siku moja, na hilo ni uamuzi wa busara sana. Ungeiona sura ya mtu ndani, ungeanza kumhurumia na kicheko kingekufa. Bila sura, inabaki gari dhidi ya gari.

Atkinson mwenyewe ni mtu wa magari hasa. Leseni ya kuendesha malori makubwa aliipata mwaka 1981, na amewahi kuandika safu kwenye jarida la Car. Mwaka 1997 alinunua McLaren F1 kwa pauni 540,000. Aliigonga 1999, akaigonga tena vibaya Agosti 2011 huko Cambridgeshire. Ukarabati wa mara ya pili uligharimu bima pauni 910,000. Mwaka 2015 aliiuza kwa pauni milioni 8. Kwa hiyo mtu anayemchezea Bean nyuma ya usukani anajua anachokifanya, na ndiyo maana makosa ya Bean barabarani ni sahihi kiasi kile.

#5 Mpishi_wa_Zamu

Naona mmesahau chakula, na chakula ndicho kilichompa vituko bora.

Sehemu ya tatu, "The Curse of Mr. Bean", Desemba 1990. Amekaa kwenye benchi bustanini, pembeni yake yuko mwigizaji Angus Deayton na sandwichi yake ya kawaida. Bean naye anataka sandwichi, ila yake anaitengeneza hapo hapo, vifaa vyote vinatoka mwilini mwake:

Mkate anaukata kwa mkasi. Siagi anaipaka kwa kadi ya benki. Majani ya saladi anayaosha, kisha anayatia ndani ya soksi na kuizungusha hewani mpaka maji yaruke, yaani ile mashine ya kukaushia saladi lakini ya pamba. Samaki wako hai kwenye chupa. Anawatoa, anawapigiza, anawalaza kwenye mkate. Pilipili manga anaifunga kwenye leso na kuitwanga kwa kiatu. Chai ameibeba kwenye chupa ya mpira ya maji moto, ile ya kupashia kitanda, na maziwa yako kwenye chupa ya mtoto.

Kila kifaa hapo kinafanya kazi inayofanana na kazi yake ya kweli. Soksi kweli hukausha. Kadi kweli ni bapa kama kisu cha siagi. Ndiyo maana jirani anaangalia kwa mshangao na si kwa dharau. Halafu pilipili ile ile aliyoitwanga inamletea chafya, na kila kitu kinatawanyika. Deayton anampa kipande cha sandwichi yake. Anguko limetoka ndani ya mapishi yenyewe, halikuletwa na ndege wala mpita njia.

Ukitaka kujua tofauti ya kichekesho kilichosukwa na kilichobandikwa, angalia anguko linatoka wapi.

#6 FundiMitambo

@Mpishi_wa_Zamu umenigusa. Naongezea ile ya mgahawani, "The Return of Mr. Bean", 5 Novemba 1990. Ni siku yake ya kuzaliwa, yuko peke yake, kadi ya pongezi amejiandikia mwenyewe. Anaagiza steki tartare bila kujua ni nyama mbichi ya kusaga. Sahani inakuja. Hawezi kuila, na adabu inamkataza kuirudisha. Kazi inakuwa moja tu, nyama iondoke sahanini bila kuingia kinywani.

Anaificha ndani ya mkate. Anaificha chini ya kisahani. Kwenye bakuli la sukari, kwenye chombo cha maua, kwenye mkoba wa mwanamke wa meza ya jirani, hadi ndani ya suruali ya mpiga fidla aliyekuja kumtumbuiza. Kila mara anapopata mahali, mhudumu anapita kuuliza kama chakula ni kizuri, naye anatoa ule mguno wa kuridhika huku macho yanalia. Mwisho anapata mwanya wa kumsingizia mhudumu kwamba ndiye aliyemwagia nyama kila mahali. Meneja anaomba radhi, anamhamishia meza nyingine safi, na kumletea nyingine. Tartare. Mlima mzima.

Kwa nini inafanya kazi hata mtu asiyejua neno la Kiingereza? Kwa sababu kila mmoja wetu amewahi kuwekewa chakula asichokitaka ugenini na mwenye nyumba amekaa anamtazama. Sheria ya adabu ni ile ile Tanga, Kigoma au London.

#7 Chumvi_ya_Pemba

Wakuu, mimi natofautiana na mwelekeo wa uzi. Mr. Bean ni mzuri, lakini ukimaliza hapo hujamjua Atkinson. Kazi yake kubwa ni Blackadder, ule mfululizo wa vichekesho wa BBC.

Kabla ya hapo alikuwa kwenye kipindi cha vichekesho cha Not the Nine O'Clock News, 1979 hadi 1982, na Mel Smith, Griff Rhys Jones na Pamela Stephenson. Hapo ndipo nchi nzima ilimjua. Kisha 1983 ikaja The Black Adder, ameiandika yeye na Curtis. Walipiga picha nje, kwenye kasri la Alnwick, farasi, mashujaa, baridi, gharama kubwa. BBC nusura waifute. Ili iendelee ilibidi gharama zikatwe: kila kitu kikarudishwa studio, na Ben Elton akachukua nafasi ya Atkinson katika uandishi.

Kikwazo hicho ndicho kilichoiokoa. Msimu wa kwanza Edmund ni bwege na mtumishi wake Baldrick ndiye mwenye akili. Kuanzia msimu wa pili, 1986, wakageuza: Edmund mwerevu mwenye ulimi wa wembe, Baldrick (Tony Robinson) ndiye mzito. Sasa studio ndogo haikuwa tatizo, kwa sababu vichekesho vilihamia kwenye sentensi. Chumba kimoja, watu watatu, na mtu mmoja mwerevu aliyezungukwa na wapumbavu wenye madaraka juu yake.

Na angalieni cheo chake kinavyoshuka msimu hadi msimu. Kwanza mwana wa mfalme. Kisha bwana wa ikulu ya Malkia Elizabeth I. Mwaka 1987 mtumishi wa nyumbani kwa mwanamfalme George. Mwaka 1989, Blackadder Goes Forth, kapteni kwenye handaki la Vita ya Kwanza ya Dunia, 1917, akisubiri amri ya kufa. Akili inaongezeka na uwezo unapungua. Misimu minne, sehemu sita sita, basi.

#8 Nyamizi

@Chumvi_ya_Pemba hoja yako ina uzito, na haipingani na ya mwenye uzi. Weka viwili hivyo pamoja uone: kwa Bean sura inakwenda na mdomo umefungwa, kwa Blackadder mdomo unakwenda na sura imefungwa. Ni mtu yuleyule amezima swichi moja na kuwasha nyingine.

Tukiwa kwenye mdomo, tuitaje sauti. Atkinson ana kigugumizi, na herufi B humsumbua. Amesema mwenyewe kwamba akiingia ndani ya mhusika kigugumizi huondoka. Sikilizeni anavyotamka herufi hiyo kwenye Blackadder ya pili, jina Bob. Midomo inabanwa, pumzi inajazwa, halafu neno linafyatuka kama kizibo. Herufi iliyokuwa kikwazo akaifanya ala.

Kuna kipande chake cha mwalimu anayeita mahudhurio, alichokifanya jukwaani kwenye The Secret Policeman's Ball ya 1979, ile ya kuchangia Amnesty, shirika la haki za binadamu. Anasoma majina tu. Hakuna kisa, hakuna mzaha wa kueleza. Majina ya ajabu, kimya kinachopimwa baada ya kila jina, na jicho linaloinuka polepole kumtafuta mwanafunzi ambaye sisi hatumwoni. Tunaamini darasa limejaa, na jukwaani yupo mtu mmoja na daftari.

#9 Kijana_wa_Jukwaa

Naomba msaada wa vitendo. Kikundi chetu tunaandaa vichekesho vya kimya vya dakika tano. Tukiiga Mr. Bean watu wanatabasamu dakika ya kwanza kisha kimya. Tunakosea wapi?

#10 FundiMitambo

Bila kuona kazi yenu nitasema makosa ambayo waigaji wengi hufanya.

La kwanza, mnaanza na sura. Mwigizaji anaingia amekwishakunja uso, hakuna kilichomkuta. Mtazameni Bean anapoingia mahali: uso umetulia, hata una majivuno kidogo. Anajiona mtu nadhifu, mwenye koti lake la tweed na tai nyembamba nyekundu. Uso hauvurugiki mpaka kitu kivurugike.

La pili, lengo halijulikani. Sekunde ishirini za mwanzo mtazamaji lazima aweze kusema kwa sentensi moja huyu anataka nini. Anataka kuvaa bukta. Anataka kuiondoa nyama. Anataka kuimba kanisani na hana kitabu, ndiyo maana ananong'onanong'ona beti nzima kisha anapasua "Alleluia!" ikifika zamu yake. Kama lengo ni "kuwa kichekesho", hamna lengo.

La tatu, vifaa vingi. Chukueni kimoja au viwili, mvimalize. Kiti kina miguu, mgongo, sauti kinapoburutwa, uzito, kivuli. Bado hamjakimaliza na mnaleta ngazi na ndoo.

La nne, mnaharakisha wazo. Bean hupata wazo, tunaliona likimwingia, anatazama kushoto na kulia, ndipo anatenda. Huo mtazamo wa pembeni ndio unaompa mtazamaji nafasi ya kubashiri. Akibashiri sawa anafurahi, akibashiri vibaya anacheka. Mkiurukaruka, mmewanyima vyote viwili.

La tano, jirani. Wekeni mtu mmoja wa kawaida ambaye hachekeshi hata kidogo. Mwigizaji Richard Briers kanisani, Deayton bustanini. Huyo ndiye rula. Bila rula upinde hauonekani. Wengi hukosea kumpa jirani naye vituko, basi kila kitu kinakuwa pinda na hakuna cha kulinganisha nacho.

Yeye mwenyewe aliijaribu kimya kabla ya kuamini. Mwaka 1987 kwenye tamasha la Just for Laughs kule Montreal, alitaka apangwe upande wa wasanii wa Kifaransa ingawa kipande chake hakikuwa na maneno ya Kifaransa. Alikuwa anapima kama mhusika huyu anasimama mbele ya watu asioshirikiana nao lugha. Kisha miaka mitatu baadaye ndiyo televisheni.

#11 Kijana_wa_Jukwaa

Shukrani sana kaka. Hilo la jirani sikuwahi kulifikiria. Sote wanne tulikuwa tunakunja uso.

#12 RangiMbili

Kwa anayetaka mfano wa kuandika mnyororo mrefu wa sababu na matokeo, tazama "Do-It-Yourself Mr. Bean", Januari 1994.

Bean amenunua vitu vingi pamoja na kochi, vimejaa ndani ya Mini mpaka yeye hana pa kukaa. Analiweka kochi juu ya paa la gari, anakaa juu yake kama mfalme, anaongoza usukani kwa kamba na kukanyaga pedeli kwa mti wa ufagio. Barabara tambarare anakwenda vizuri kabisa! Mteremko ndio unaomshinda, kwa sababu mfumo wake una nguvu ya kusukuma na hauna nguvu ya kuzuia. Mhandisi yeyote angekwambia hivyo kabla hajaondoka.

Akifika nyumbani anataka kupaka rangi. Brashi imemshinda, basi anakifunga kila kitu chumbani kwa magazeti, hadi punje za zabibu moja moja, anatumbukiza fataki kwenye kopo la rangi, anawasha utambi na kutoka. Fataki ikilipuka rangi inafika kila mahali kwa mara moja. Hesabu ni nzuri. Asichokipigia hesabu ni rafiki aliyesahau kofia jana usiku. Huyo anaingia kuichukua wakati ule ule. Bean akirudi, kuta zote zimepakwa vizuri, isipokuwa pale ambapo pana umbo la mtu aliyenyoosha mkono kuelekea kofia.

Hatumwoni akilipuliwa, tunaona ukuta tu. Kwangu huo ndio mchoro bora kabisa wa mfululizo wote wa sehemu 15.

#13 Mwanasinema

Filamu je? Ya 1997, Bean, iliyoongozwa na Mel Smith, iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani. Mimi naona ina sehemu moja ya dhahabu na mengine ni ya kujazia. Sehemu hiyo ni ya mchoro maarufu wa mama yake mchoraji Whistler. Anaupigia chafya. Anafuta kwa leso, leso ina wino. Anaondoa wino kwa kiyeyusho cha rangi, kiyeyusho kinaondoka na uso wa mama. Kila kifutio kibaya kuliko doa lake. Baadaye anaweka bango la karatasi na kuling'arisha kwa yai na rangi ya kucha lipate kuonekana kama la mafuta.

Tatizo la filamu ni kwamba dakika tisini zinahitaji familia, ndoa ya mtu, funzo, na Bean anabaki mgeni ndani ya hadithi ya watu wengine. Mr. Bean's Holiday ya 2007 ilirekebisha hilo kwa kumweka safarini Ufaransa, lugha haijui, lengo ni moja tu: kufika baharini. Pale Le Train Bleu, Paris, analetewa vyakula vya baharini vya gharama. Chaza anawamwaga kwenye mkoba wa mwanamke wa jirani. Mpishi_wa_Zamu na FundiMitambo mtaitambua ile tartare ya 1990, imerudi na magamba.

#14 Hondohondo

Wapenzi wa Kiswahili msisahau mchango wake kwenye The Lion King ya 1994. Yule ndege Zazu, mshauri wa mfalme, ni sauti ya Atkinson. Ni hondohondo, ndege wetu wa porini huku, katikati ya akina Simba, Rafiki na Pumbaa ambao majina yao hayahitaji tafsiri kwetu. Sikilizeni ulivyo ule usahihi wa karani anayesoma ripoti ya asubuhi huku hakuna anayemsikiliza. Ni Blackadder mwenye manyoya na asiye na sumu.

Na kuna tukio la kweli lililomkuta Kenya. Machi 2001 alikuwa huko mapumzikoni na familia, wakiwa angani kwenye ndege ndogo ya kukodi, rubani akazimia. Atkinson hakuwahi kurusha ndege. Aliishikilia ikabaki hewani mpaka rubani akazinduka na kutua Wilson, Nairobi.

#15 Baharia_Mstaafu

Wakuu nimefaidi. Mtu aanzie wapi, kwa mpangilio?

#16 Nyamizi

@Baharia_Mstaafu mzee wangu, mimi ningekupangia hivi.

Anza na "The Return of Mr. Bean" kwa ajili ya mgahawa. Kisha "The Trouble with Mr. Bean" ya Januari 1992, iliyotazamwa na watu milioni 18.74 Uingereza: anachelewa kwa daktari wa meno, anavaa na kupiga mswaki ndani ya gari linalokwenda, akifika anamchoma daktari sindano ya ganzi kwa bahati mbaya na inabidi ajizibe jino mwenyewe. Kisha "Merry Christmas Mr. Bean" ya Desemba 1992. Wote wanakumbuka bata mzinga kichwani, saa yake ilidondokea ndani wakati anamjaza. Wewe usikose ile zawadi. Irma, mpenzi wake, amemwonyesha dirisha la sonara, pete iko pembeni ya picha ya wachumba. Bean ananunua picha. Irma akivunjika moyo, anamletea na kile kiboksi kidogo cha pete. Ndani mna kulabu ya kuning'inizia picha.

Hapo pumzika. Halafu Blackadder, na uanze msimu wa pili, ule wa kwanza uurudie baadaye. Ya mwisho, iliyorushwa tarehe 2 Novemba 1989, iweke siku ambayo huna haraka. Wanapanda kutoka handakini. Picha zilizopigwa studio zilikuwa hafifu, jukwaa dogo na milipuko ya kawaida, ndipo chumba cha uhariri wakazipunguza mwendo, wakauacha muziki wa Goodall upigwe polepole kwa kinanda, na handaki likayeyuka likawa shamba la maua mekundu ya mipopi.

Kwa Bean zima sauti mara ya pili unapoitazama. Kwa Blackadder geuza uso, sikiliza tu.

#17 Baharia_Mstaafu

Nimeanza na mgahawa usiku huu, sauti nimezima kama ulivyosema binti yangu. Anaposhika kile kisahani cha mkate, kabla hajakiinua, jicho lake linakwenda kwa mhudumu, linakwenda kwa mwanamke wa jirani, linarudi kwenye nyama. Mara tatu. Ndipo mkono unakwenda.